Nani anaandikwa kwanza? Wanawake, astrofizikia na data zinazoshuka Ngomeni

Ukitoka Malindi mjini, ukavuka Sabaki, ukapita Mambrui na Gongoni, mkono wa kulia kuna njia inayoingia Ngomeni. Huko ndiko iliko San Marco, kituo cha anga cha Waitaliano kilichopewa jina la Luigi Broglio. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini pale ikiwa imebeba satelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake. Ikapewa jina Uhuru. Kabla haijanyamaza mwaka 1973 ilikuwa imetupa ramani ya kwanza ya mbingu kwa miale ya eksirei, na katalogi yake ya mwisho ina vyanzo 339.

Meneja wa mradi huo kwa upande wa NASA alikuwa mhandisi Marjorie Townsend. Kiongozi wa timu ya wanasayansi alikuwa Riccardo Giacconi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kuifungua astronomia ya eksirei, na aliistahili. Townsend hatajwi sana. Meneja ndiye anayeangalia ratiba, bajeti, majaribio ya vyombo na saa ya kurusha; bila kazi hiyo hakuna ramani. Lakini katika sayansi sifa hufuata makala za utafiti, na makala hufuata jina la kwanza katika orodha ya waandishi. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kwa nini wanawake ni wachache kileleni mwa astrofizikia, yaani fizikia ya nyota na galaksi, asianze kwa kuuliza nani ana akili. Aanze kwa kuuliza kazi ziligawanywa vipi ndani ya timu, nani aliandikwa wa kwanza, na nani aliomba muda wa darubini kwa jina lake mwenyewe.

Baada ya satelaiti ya Uhuru, kituo cha Malindi kiliendelea kuwa sikio la satelaiti nyingine: BeppoSAX (1996), Swift (2004), AGILE (2007), NuSTAR (2012) na IXPE (2021). Sababu ni ya kijiografia. Tuko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Satelaiti inayozunguka karibu na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya eneo la mionzi mikali lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, kwa hiyo vigunduzi vyake hupata kelele kidogo. Satelaiti ya namna hiyo hupita karibu na anga letu katika kila mzunguko, yaani kila baada ya saa moja na nusu na dakika chache, na katika dakika chache za kuonekana kwake hutema data ilizokusanya. NuSTAR imeongozwa tangu mwanzo na mwanamke, Fiona Harrison wa Caltech, chuo kikuu cha huko California. Napenda wasichana wa Malindi walijue jina hilo.

Townsend na Harrison wasitufanye tudhani mambo ni shwari. Katika Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, wanawake ni kama mmoja kati ya wanachama watano. Mwaka 2017 Caplar, Tacchella na Birrer walichapisha katika Nature Astronomy uchambuzi wa makala kama 200,000 za kuanzia 1950 hadi 2015. Katika miaka ya 1960 makala zenye mwanamke kama mwandishi wa kwanza zilikuwa chini ya asilimia 5; mwishoni mwa kipindi hicho zilifika kama asilimia 25. Kisha wakafanya jambo la maana zaidi. Waliifundisha kompyuta kukisia makala itanukuliwa mara ngapi kwa kutazama mwaka, jarida, tawi la fani, idadi ya waandishi, uzoefu wa mwandishi na mengineyo, ila si jinsia. Waliifundisha kwa makala za wanaume, halafu wakaipa za wanawake. Makala za wanawake zilionekana kunukuliwa pungufu kwa asilimia 10.4 kuliko ambavyo zingenukuliwa kama zingeandikwa na wanaume. Pungufu hilo huonekana dogo kwenye makala moja. Kwa mtu anayeomba kazi akiwa na makala kumi na mbili, na kamati ikampanga kwa idadi ya kunukuliwa, ndilo linaloweza kumwacha nje ya orodha ya wanaoitwa kwenye usaili.

Lakini ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni wa Hubble, darubini ya NASA iliyo angani, kwa sababu pale tatizo lilipimwa, dawa ikajaribiwa, na matokeo yakaonekana.

Muda wa Hubble huombwa kwa kuandika pendekezo. Kamati husoma, hupanga, na wengi hukosa. Takwimu za miaka mingi zilipochambuliwa na kutolewa mwaka 2014, mapendekezo yaliyoongozwa na wanaume yalikuwa yamefaulu kwa kiwango cha juu zaidi, mzunguko baada ya mzunguko wa maombi. Tofauti ya mzunguko mmoja ilikuwa ndogo, lakini ilielekea upande uleule kila mara. Wahusika walianza na dawa nyepesi: jina la mtafiti mkuu likahamishwa kutoka ukurasa wa kwanza, majina ya kwanza yakafupishwa kuwa herufi, majina ya timu yakapangwa kialfabeti bila kuonyesha kiongozi ni nani. Pengo halikuziba. Wasomaji waliendelea kulitafuta jina, na mjadala kwenye kikao uliendelea kuhama kutoka kwenye swali la kisayansi kwenda kwa mtu: huyu tunamjua, ana timu nzuri, huyu mwanafunzi wa nani?

Mwaka 2018, katika mzunguko wa 26, majina yaliondolewa kabisa. Mapendekezo yalikuwa 489. Wanawake waliongoza 138 na 12 yakapita, sawa na asilimia 8.7. Wanaume waliongoza 351 na 28 yakapita, asilimia 8.0. Vyombo vya habari vilishangilia kwamba wanawake wamewapita wanaume. Hapo panahitaji utulivu. Kama pendekezo moja tu la mwanamke lingeanguka, yangebaki 11 kati ya 138, nayo ni asilimia 8.0 vilevile. Mzunguko mmoja hauthibitishi kitu. Kilicho na uzito ni kwamba mtindo wa miaka mingi wa kuegemea upande mmoja ulivunjika, na kwamba katika mizunguko iliyofuata idadi ya watu waliopata muda wa Hubble kwa mara ya kwanza maishani ilipanda sana. Utaratibu huo sasa unatumika pia kwa darubini ya James Webb, kwa darubini za redio za ALMA, na kwa miradi mingine ya NASA ya astrofizikia.

Hili la watu wapya linatuhusu sisi wa pwani moja kwa moja. Msomaji asiyejua kama mwandishi ni mwanamke hajui pia kama anatoka Cambridge au Kilifi. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya jinsia inamtibu pia mtu ambaye chuo chake hakijulikani. Binti wa hapa ana mizigo yote miwili, na njia hii inampunguzia yote miwili kwa pamoja.

Ila pendekezo lisilo na jina lina kanuni zake, na wageni huanguka kwenye mambo madogo. Usiandike "kama tulivyoonyesha katika makala yetu ya 2021". Andika "kama ilivyoonyeshwa katika [7]", na rejea zote zipewe namba badala ya majina ndani ya matini. Kazi yako mwenyewe itaje kama ya mtu mwingine, bila "yetu". Data ambazo timu yako pekee inazo, sema zimepatikana kwa mawasiliano binafsi. Usishukuru mfadhili, usitaje chuo, usiseme hii ni sehemu ya tasnifu ya mwanafunzi fulani. Kisha tazama faili lenyewe: PDF hubeba jina la mwenye kompyuta kwenye sifa zake, na jina la faili mara nyingi ni jina la mtu. Safisha vyote viwili kabla ya kutuma. Maelezo ya timu na uwezo wake huwekwa kwenye waraka wa pembeni, unaofunguliwa baada ya kamati kumaliza kupanga. Waraka huo hauwezi kukupandisha. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba mnaweza kuifanya kazi mliyoiomba. Kwa hiyo usiujaze sifa. Eleza nani atachakata data, nani atafanya modeli, na kila mmoja amewahi kufanya nini kinachofanana na hicho.

Kosa kubwa kuliko hayo yote ni kuandika pendekezo linaloegemea heshima ya timu. Zamani mtu mwenye jina aliweza kuandika "tutachambua kwa mbinu zilizozoeleka" na akaaminiwa. Pasipo jina, lazima uonyeshe hesabu: chanzo kina mwangaza kiasi gani, fotoni (chembe za mwanga) ngapi zitaingia kwa sekunde, na kwa nini unahitaji sekunde 20,000 badala ya 10,000. Anayeanza, akijua hivyo, ana nafasi sawa na mkongwe, na pengine zaidi, kwa sababu hana mazoea ya zamani ya kuyaacha.

Sasa tuingie ndani ya timu yenyewe, maana muda wa darubini ni mlango tu.

Katika astrofizikia mwandishi wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa. Wanaofuata ni wale waliochangia zaidi, kisha wengine kwa alfabeti. Katika timu kubwa sana, zenye mamia ya watu, orodha nzima huwa ya alfabeti, na hapo mchango wa mtu mmoja haujulikani kabisa nje ya timu. Jocelyn Bell (baadaye Bell Burnell) ndiye aliyeiona ishara ya pulsari ya kwanza, yaani nyota inayotoa mapigo ya redio, mwaka 1967 akiwa mwanafunzi wa uzamivu. Makala iliyotoka Nature mwaka 1968 ilikuwa na waandishi watano: msimamizi wake, Antony Hewish, wa kwanza, yeye wa pili. Nobel ya 1974 ikaenda kwa Hewish pamoja na Martin Ryle. Mwaka 2018 Bell Burnell alipopewa tuzo ya dola milioni 3 alizitoa zote kwa ajili ya kuwasomesha wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yaliyo machache katika fani. Moyo wake ni mkubwa, lakini hatuwezi kujenga mfumo unaotegemea waliodhulumiwa wawe na mioyo mikubwa.

Kinga ni makubaliano ya uandishi ya ukurasa mmoja, yaandikwe kabla data hazijafunguliwa. Yaseme swali la makala ni lipi, nani mwandishi wa kwanza, rasimu itoke lini, na iwapo tarehe itapita bila rasimu nani ana haki ya kuichukua kazi na baada ya muda gani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka, na ndicho kinachowaumiza wanaokwenda likizo ya uzazi. Andikeni waziwazi kwamba likizo husimamisha saa. Makubaliano yakingoja hadi matokeo mazuri yapatikane huwa yamechelewa. Hapo kila mtu amekwisha jiona wa kwanza, na mwenye sauti ndogo hunyamaza.

Pili, tengenezeni jedwali la kazi. Upande mmoja majina, upande wa pili nani amefanya nini mwezi huu. Mfumo wa CRediT, unaoorodhesha majukumu 14 ya wanaochangia makala, unafaa kama msingi. Mara nyingi jedwali likijazwa kwa miezi mitatu utaona kitu: wanawake wa timu ndio wanaoandika kumbukumbu za mikutano, kupanga safari za wageni, kuongea na wanafunzi wa shule na kutunza tovuti, wakati wanaume wanafanya uchambuzi. Hakuna aliyekusudia uovu. Kazi ilihitaji mtu, na aliyeombwa kwanza ni yule asiyezoea kukataa. Kuongea na shule ni kazi njema kabisa, na Mkenya Susan Murabana ameipeleka darubini kwa watoto wengi wa Kenya kwa namna ya kuheshimika. Lakini ndani ya timu ya utafiti izungushwe kwa zamu, na mwenye zamu apunguziwe kitu kingine.

Tatu, saa ya mkutano. Saa tatu asubuhi ya California ni saa mbili usiku kwetu wakati wa kaskazi, na saa moja usiku pale saa zao zinaposogezwa mbele. Wanaopanga hawaoni ubaya. Mwanamke wa Malindi au Lamu saa hiyo anaandaa chakula cha usiku, na mwezi wa Ramadhani ndiyo kwanza watu wametoka kufuturu wanajiandaa kwa isha na tarawehe. Basi anahudhuria kamera imezimwa, hasemi, na baada ya mikutano michache anaonekana hana hamu. Ombeni saa kumi alasiri ya Kenya: New York itakuwa saa mbili au saa tatu asubuhi, London mchana, Cape Town saa tisa. California italazimika kuamka alfajiri, kwa hiyo zungusheni, mara moja sisi, mara moja wao. Na uamuzi wowote wa nani anafanya nini upitishwe kwa maandishi, ukae wazi kwa saa 48 kabla ya kufungwa, ili umeme ukikatika mtu asipoteze makala.

Kwa msichana anayeanza, shauri langu ni achague mradi mdogo anaoweza kuumaliza peke yake kuanzia data hadi mchoro. Data za Swift hazina kipindi cha umiliki, yaani muda ambao timu moja huzishika peke yake. Hufunguliwa kwa kila mtu saa chache baada ya kuteremka, na hazina ya HEASARC ya NASA haitozi kitu. Jarida likitaka malipo, makala nyingi zipo bure arXiv, hazina ya makala ya mtandaoni. Kompyuta dhaifu isimzuie: kituo cha data za Swift cha Chuo Kikuu cha Leicester kina zana za mtandaoni zinazokutengenezea mkunjo wa mwanga (mwangaza ulivyobadilika kwa wakati) na spektra (mgawanyo wa fotoni kwa nishati) ya XRT, darubini ya eksirei ya Swift, bila kusakinisha chochote. Akitaka kupakua, achukue folda ya XRT peke yake kwanza; ya UVOT, darubini yake ya mwanga wa kawaida na wa urujuanimno, ni nzito kwa sababu ya picha.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. XRT husoma fotoni zenye nishati ya 0.3 hadi 10 keV (kipimo cha nishati), na katika modi ya kuhesabu fotoni huanza kuchanganya mambo chanzo kikizidi kama fotoni 0.5 kwa sekunde. Fotoni mbili huingia pamoja kabla kifaa hakijasoma, zikahesabiwa kama moja yenye nishati kubwa; huu ndio mrundikano wa fotoni. Spektra inaonekana ngumu, yaani yenye fotoni nyingi za nishati kubwa, kuliko ilivyo, na mwanafunzi anaandika kwamba chanzo kimebadilika. Dawa ni kukata kitovu cha picha na kutumia pete ya nje, kisha kusahihisha kwa kiasi kilichokatwa. Mtego wa pili ni takwimu. Chi-mraba, kipimo cha kawaida cha kulinganisha modeli na data, inataka angalau fotoni 20 katika kila kundi. Kama una fotoni 80 kwa jumla, tumia takwimu ya Cash, inayofaa fotoni chache, na ufyonzaji wa eksirei unaofanywa na hidrojeni iliyo njiani uufunge kwenye thamani inayojulikana ya uelekeo huo wa galaksi yetu badala ya kuuacha huru. Anayeyajua haya mawili na akayaeleza vizuri kwenye barua pepe ya mistari kumi na tano, akaambatisha mchoro mmoja, hujibiwa na viongozi wa timu. Anayeandika "ninapenda sana anga, naomba nafasi" hajibiwi, hata kama anapenda kweli. Mtandao wa Wanawake wa Astronomia Afrika, ulioundwa mwaka 2020 chini ya Jumuiya ya Astronomia ya Afrika, ni mahali pazuri pa kupata mtu wa kuisoma barua hiyo kabla haijatumwa.

Jambo la majina lisidharauliwe. Mtu wa pwani ana jina lake, la baba na la babu. Jarida moja litachukua la babu kama ukoo, jingine la baba, na kitambulisho huenda kimeongezwa la mume. Mwishowe hazina za makala zinamhesabu kama watu watatu wenye makala chache kila mmoja. Chagua namna moja ya kuandika kabla ya makala ya kwanza, jisajili ORCID, daftari la watafiti la mtandaoni, upate namba yako ya tarakimu 16, ni bure, na uiweke kwenye kila makala na kila ombi.

Kuhusu shule nitasema kidogo. Mfumo mpya wa elimu unamtaka mtoto achague mkondo kabla ya kuingia sekondari ya juu, na asiyechukua fizikia pale hatarudi kirahisi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na astrofizikia, na Afrika Kusini kuna NASSP, programu ya kitaifa ya astrofizikia na sayansi ya anga, kwa wanaoendelea. Wazazi, mwulizeni binti ni masomo gani shule yake inayatoa kweli, si yale yaliyoandikwa kwenye fomu.

Mwisho ni barua za mapendekezo, ambazo walimu wengi huziandika usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Utafiti wa mwaka 2016 uliopitia barua 1,224 kutoka nchi 54, katika sayansi za dunia, ulionyesha kwamba wanawake walipata barua zenye sifa za juu kabisa kwa kiwango cha kama nusu ya wanaume, na walioandika walikuwa wanaume na wanawake. Ukimwandikia mwanafunzi wako wa kike, soma tena rasimu na uhesabu maneno kama mpole, mwenye bidii, msaidizi mwema, mwenye adabu. Yaondoe. Mahali pake weka alichokifanya: aligundua kwamba spektra ilikuwa na mrundikano wa fotoni, akairekebisha, na matokeo yakabadilika kiasi hiki. Sema ni sehemu gani ya wazo ilikuwa yake. Na wewe mwanafunzi, mpe anayekuandikia wiki nne, umtumie jedwali lako la kazi na sentensi tano za mambo uliyoyafanya peke yako, zikiwa na tarehe.